Indiketa ya Kushoto

Wenzake hupiga honi kana kwamba wana ugomvi na dunia nzima. Yeye, dereva wa lori la saruji waliyemwita Muungwana, alizungumza kwa taa. Akiwasha indiketa ya kulia, gari la nyuma lilijua kuna hatari mbele, lisubiri. Akiwasha ya kushoto, njia nyeupe, pita mwanangu.

Siku moja dada mmoja alimfuata kwa gari dogo. Kila penye kona Muungwana alimwashia ya kulia, na dada akatulia. Penye nafasi aliyapitisha kwa ya kushoto magari yaliyokuwa kati yao, dada akiona. Kisha Muungwana akaona kibanda cha chai. Akawasha kushoto ili aegeshe, mawazo yote kwenye kikombe.

Dada akapiga honi fupi ya asante, akapita. Mbele, basi hili hapa, linakuja.

Alilikwepa, akaishia mtaroni. Alitoka hai, mkono umevunjika.

"Alinionyesha nipite," alimwambia askari wa barabarani alipofika.

"Indiketa ya kushoto ni ya kwenda kushoto," askari akafoka. "Dereva, ulimwambia apite?"

"Hapana, afande. Nilikuwa naegesha."

Ukweli mtupu, lakini nusu tu.

Dada akamtazama, mkono ameukumbatia. "Basi nisamehe, kaka. Nimekuharibia safari."

Muungwana akainamisha kichwa, akalipokea lile ombi la msamaha kana kwamba ni haki yake.

Siku hizi hapitishi mtu. Na kila anapoegesha, huisikia ile honi fupi ya asante.