Asidi Niliyomtilia Mama Mkwe

Mimi ndiye yule mwanamke wa Namuwongo, Kampala, aliyesemekana kumlisha mama mkwe asidi, na kabla hamjaanza kunitazama hivyo, ni kweli nilimlisha, tena nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe huku natabasamu. Aibu yake bado ninayo.

Sikilizeni basi. Wakati huo nilikuwa mchumba wa Ojara, askari polisi, Mwacholi mrefu mwenye maneno machache, na mama yake alikuwa ametoka kwao Kitgum kuja kuniona kabla ya kukubali ndoa, maana watu walishamjaza maneno kwamba mwanawe amenaswa na mkimbizi wa Kongo (eti sisi Wakongo tuna dawa ya kufunga wanaume, ningekuwa nayo si ningeiuza nikahamia Bukoto kwa wenye pesa?). Mama akikataa, hakuna ndoa. Ojara aliniambia hivyo bila kuzunguka.

Sasa mimi nilikuwa nahudhuria mafunzo ya lishe pale zahanati, ambako muuguzi mmoja alitufundisha kwamba kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uyapate kwenye chakula, nayo yanaitwa asidi muhimu za mafuta, zile za omega tatu utazipata kwenye samaki, za omega sita kwenye simsim, yaani ufuta, na zinasaidia moyo, ngozi, macho na ubongo. Nilielewa yote. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, kwani mtu asiyeelewa hunyamaza.

Nikapika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwa simsim ya kusaga, mchuzi mzito, na ugali wa ulezi pembeni. Mama akala, akalamba vidole, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini (marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi), "Chakula iko tamu, mtoto." Ningejibu asante Mama nikafunga bakuli langu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikaona hapana, huyu lazima ajue mwanawe anaoa msomi.

"Mama," nikasema, "hapo nimekutilia asidi ya kutosha."

Mkono wake ukasimama. "Asidi?"

"Eeh, Mama. Mwili wako hauwezi kuitengeneza, ndiyo maana nimekutilia mimi."

"Wewe natoa wapi?"

"Nakivubo. Wanapima kwa kikombe."

Mnajua wenyewe asidi ni nini Kampala. Ni maji ya betri, na ni kile kitu wenye wivu wanachomwagiana usoni, na huko sokoni Nakivubo betri kuukuu zimejaa tele. Hayo yote nilikuwa nayajua siku zote, isipokuwa dakika ile. Mama akatoka nje ameshika koo, akapiga yowe, na kabla sijavaa kandambili zangu uwanja ulikuwa umejaa majirani, Nalongo mwenye nyumba wangu akiwa mbele na jagi la maziwa. "Nyabo, kunywa!" akamwambia Mama. "Asidi inakura utumbo!" Mwingine akakimbia kituoni kumwita Ojara.

Ojara akaja na wenzake wawili, wote na sare. Akaniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kazini, "Mapendo, kuna asidi ndani ya hiyo sufuria?"

Nikasema ipo. (Ningesema nini? Ipo.) Nikaongeza kwamba haina ubaya, kwamba hata yeye nimekuwa nikimlisha kila Jumapili, na hivi tunavyoongea imeshafika kwenye ubongo wake.

"Mumesikia?" Nalongo akapaza sauti. "Afande naye ubongo umekwisha!"

Hapo nikaona uso wa Ojara, na jamani, niliogopa. Pingu sikuziogopa. Niliogopa vile alivyonitazama, kama mtu anayejaribu kukumbuka amenijulia wapi.

Nikabeba sufuria, nikaketi mlangoni, nikaanza kula. Nilikula kwa hasira, watu wamenizunguka wakingoja nianguke, na kama ningeishia sahani ya kwanza kesi ningeishinda, lakini kiburi kikanisukuma kwenye ya pili, na ya tatu. Simsim ina mafuta, wenzangu. Tumbo likagoma, vyote vikarudi, vikatua juu ya viatu vya mmoja wa wale askari, viatu vilivyopigwa kiwi vikang'aa.

Watu wakatimka wakidhani ni asidi, tukabaki mimi, Ojara na Mama. Nalongo, na magoti yake mabovu, aliruka mfereji. Mimi nikalia, kwa sababu nilijua nimeshampoteza Ojara, tena kwa ajili ya dagaa.

Ndipo Ojara akavua kofia, akachuchumaa kando yangu, akakwangua sufuria kwa vidole, akala. Alikula taratibu, mama yake anamtazama, mpaka sufuria ikawa safi. "Ni simsim, Mama," akasema. "Na mukene."

Mama, tumbo limejaa maziwa ya majirani, akanigeukia. "Sasa kama iko simsim, kwa nini wewe naita asidi?"

Kisha akamwambia mwanawe, "Oa huyu. Mkono yake iko mzuri. Mdomo ndiyo shida."

Tukaoana. Siku hizi akija huniuliza ndani iko nini, nami namjibu samaki, na akichimba zaidi namwambia samaki na chumvi. Asidi bado nawalisha watu, tena bila huruma, lakini kumwambia mtu kabla hajamaliza sahani yake, wallahi sithubutu tena.