Stoo Tuliyompambia Mama Mkwe

Asubuhi hiyo niliondoka Chepsaita bila kujua ninakwenda wapi. Mahindi yalikuwa yamekwisha shambani, mwenye shamba alikuwa amenishukuru, na mimi sikuweza kukaa mahali ambapo kazi imekwisha. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nilikuwa nimechemsha chai kwenye hoteli ya Kitale, nimeosha chupa Nakuru, nimechunga mbuzi wa watu milimani Cherangani, na kila mahali niliokota kitu. Mwaka ule mfukoni mwangu mlikuwa na donge la jiwe nililolikuta kando ya njia huko milimani. Lilibanduka kwa kucha kama ganda la kitunguu, na kila ganda liling'aa kama kioo. Sikujua ni la kazi gani. Nililibeba kwa sababu sikuweza kuliacha.

Trekta lilipita likivuta trela la magunia. Dereva alipunguza mwendo kwenye matope.

"Unaenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele ni kubwa. Panda."

Nilipanda juu ya magunia, upepo wa Desemba ukinikata masikio, nikaimba njia nzima. Eldoret ilikuwa imechangamka. Redio za madukani zilikuwa zikicheza nyimbo za Krismasi na nyimbo za kumsifu Rais, na usipokuwa makini hungejua moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Katika duka moja la nguo mwenye duka alikuwa amezungusha utepe mwekundu wa karatasi dirishani, kwenye mizani, hadi kwenye fremu ya picha ya Rais. Hapo kwenye fremu alikuwa ameufunga kwa uangalifu mkubwa, usiguse uso hata kidogo. Nilisimama nikiangalia mpaka akaniuliza kama nanunua au nahesabu.

Ndipo nikamwona mwanamke mmoja akipita na fungu la matawi ya msanduku, mti wa Krismasi, kichwani, na mkononi gunia lililokuwa likichakarisha. Ndani ya gunia mlikuwa na pakiti tupu za maziwa ya shule, zile za pembe tatu ambazo watoto walikuwa wakizipasua kwa miguu. Mtu mzima anafanya nini na gunia zima la pakiti tupu? Nilimfuata.

"Mama, nikusaidie mzigo?"

"Una shida gani na mzigo wangu?"

"Nataka tu kujua hizo pakiti ni za nini."

Alinitazama kuanzia viatu kupanda. "Ukibeba matawi nitakuambia. Ukikimbia nayo, shauri yako, utaenda kupika nayo nini?"

Basi nikabeba matawi hadi Yamumbi, na njiani akanieleza. Alikuwa ametoka upande wa ziwa, akaolewa na kijana wa kwao anayefanya kazi kiwanda cha nguo. Mama yake mzazi hakuwahi kuona anakoishi. Kila Krismasi alimwalika, na kila Krismasi mama alikataa, kwa sababu kwao mama hawezi kulala chini ya paa la mkwewe. Ni mwiko, na mama huyo hakuwa mtu wa kuchezea mwiko. Chumba cha kulala wageni cha mjini hakukitaka pia. Alisema hakuacha kitanda chake aje kulala na wasafiri.

"Sasa mama mwenye ploti tunayopanga amekubali kunipa stoo yake," alisema. "Ina mlango wake, si ya mume wangu. Mama amesema atakuja leo aione. Akiipenda, atalala. Asipoipenda, atarudi na basi la jioni na mimi sitamwona tena mpaka siku ya kuzika mtu."

"Na pakiti?"

"Zitakuwa nyota. Nataka aingie ajue alikuwa anangojewa."

Nilianza kutembea haraka kuliko yeye.

Mama mwenye ploti alikuwa mwenyeji wa hapo, mkulima, mama mrefu mwenye koti la mume wake na buti za mpira. Tulimkuta anatoa magunia ya mahindi stooni peke yake, akiyaburuta.

"Huyu umemtoa wapi?" alimwuliza mpangaji wake.

"Ameokotwa na matawi."

"Ana mikono?"

Nilimwonyesha mikono. Hapo hapo nikawekwa kwenye magunia. Tukayatoa yote tukayapanga uani, pamoja na madebe, jembe la ng'ombe, na benchi mbili za kanisa ambazo mama huyo alikuwa akizitunza. Kisha tukafagia, tukanyunyiza maji, na mpangaji akaleta kitanda kilichoazimwa kwa jirani. Niliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama baada ya Krismasi stoo ingekuwa inapangishwa.

"Baada ya Krismasi ni ya mahindi," mama mwenye ploti alijibu. "Wewe ni mahindi?"

Tulikaa mlangoni tukaanza kazi. Mpangaji alikuwa ameshaosha baadhi ya pakiti nyumbani kwake na kuzikausha. Alizikata pembe kwa mkasi, akazikunja zikawa nyota zenye tumbo nene. Alikuwa pia na globu tatu zilizoungua, na rundo la karatasi za fedha kutoka ndani ya pakiti za sigara, ambazo mume wake alikuwa akiwaomba wenzake kiwandani tangu Septemba. Karatasi hizo tulizikatakata ndogo kama chembe za chumvi. Gundi tulichemsha kwa unga wa ngano.

"Huo ni unga wa chapati," mama mwenye ploti alilalamika. "Watu watakula Krismasi na nyinyi mnagandisha chapati ukutani."

Lakini karatasi za fedha zilikuwa chache. Tulipopaka globu ya pili zilikuwa zimeisha, na nyota zote zilikuwa bado nyeupe na bluu, zikionekana wazi kwamba ni pakiti za maziwa. Mpangaji alichukua moja akaigeuzageuza. Hapo nikakumbuka mfuko wangu. Nilitoa donge, nikabandua ganda moja, nikalisugua kati ya vidole juu ya nyota iliyopakwa gundi. Lilivunjika vipande vidogo vidogo, na nyota ikawaka.

"Aii!" mpangaji alipiga makofi. "Hiyo ni nini?"

"Sijui! Jiwe!"

"Liko lingine?"

"Liko lote hili!"

Nilikimbia kwenye kinu kilichokuwa karibu na jiko. Mama mwenye ploti alinikuta nimeshainua mchi.

"Wewe! Utatwangia mawe kwenye kinu changu cha wimbi, cha unga wa uji?"

"Ni jiwe laini, Mama."

"Meno ya watu wa nyumba hii pia ni laini."

Tukatwanga juu ya bati, kwa nyundo. Vumbi liliruka, likatua kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye koti la mama mwenye ploti, ambaye alijifuta mara moja kisha akaacha, na baadaye nikamwona akigeuza mkono juani auone uking'aa. Mimi nilikuwa nimeshikwa na wazimu. Nilitaka kumwaga vumbi lile kwenye kuta, kwenye dari, kwenye miguu ya kitanda. Nilipendekeza tununue puto, tusokote karatasi ya choo tuvushe kutoka kona hadi kona, kama nilivyoona kwenye nyumba nyingi.

"Hapana," mpangaji alisema. "Mama yangu hapendi kelele. Hata kelele ya macho."

Akachagua mwenyewe. Nyota tatu kwenye uzi dirishani. Globu moja juu ya kitanda, mbali na kichwa. Tawi moja dogo la msanduku ndani ya debe, likiwa na pamba kidogo, na kitambaa alichofuma mwenyewe kwa sindano ya krosheti juu ya kigoda. Basi. Nyota zilizobaki alizirudisha kwenye gunia. Nilijaribu kubisha, lakini jua la mchana lilikuwa limeingia kwa lile dirisha dogo, na chembe za mwanga zikawa zinatembea ukutani polepole kila uzi ulipozunguka. Nikafunga lile gunia. Chumba kilichokuwa kikinuka mahindi na panya kilikuwa kimekuwa chumba cha mtu fulani.

Mama wa mpangaji alitarajiwa alasiri. Mpangaji alikwenda nyuma ya nyumba kunyonyoa kuku. Mimi na mama mwenye ploti tukabaki uani, na lile fungu la matawi likiwa limelala pale, karibu lote.

"Haya yataharibika bure," nilisema.

"Kwetu mgeni mkubwa hupokewa kwa majani mabichi," alisema. "Lango likiwa kavu, anajua hamkumtaka."

Hatukuhitaji kuambiana zaidi. Tulifunga matawi pande zote mbili za lango. Yakabaki mengine, kila mmoja akashika tawi mkononi tukirudi nyuma na kusogea mbele kuona kama yamelingana.

Kwenye barabara alitokea mama mzee, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, akitembea huku akiuliza watoto njia. Kumbe ndiye mgeni wetu; alikuwa amepata lifti ya asubuhi, akawahi kufika. Alifika mbele ya ploti, akasimama. Aliona lango lenye matawi. Akaona watu wawili wameshika matawi, kimya, vichwa vimeinama. Nyuma yetu akaona vyombo vya nyumba vimetolewa nje, na benchi mbili za kanisa zimepangwa uani.

Kikapu kilianguka.

"Uuuwi! Uuuwi, mwanangu!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Aliweka mikono kichwani, akaingia langoni mbio, akatupita kama hatupo. Majirani walifungua milango. Mama mwenye ploti aliniuliza, "Nani amekufa?" nami nikamwuliza yeye, "Nani?"

Mpangaji alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, kuku mkononi, uso na nywele zimejaa vumbi linalong'aa juani. Mama yake alimwona, na kilio kikakatika. Akarudi nyuma hatua moja. Nadhani kwa muda ule hakuwa na hakika anamtazama mtu gani.

"Mama! Ni mimi!"

"Uko hai?"

"Niko hai! Nani amekwambia nimekufa?"

Mama yake alielekeza kidole langoni, kisha kwenye mabenchi, kisha kwangu na tawi langu. Mpangaji alitazama alikokuwa akielekeza, na nilimwona anaelewa. Kwao mtu hushika tawi anapokwenda matangani. Alikuwa ametaka tawi moja tu, ndani, kwenye debe.

"Nani ameweka hayo?" alituuliza.

Mimi na mama mwenye ploti tulitupa matawi yetu chini kwa pamoja, kama watoto.

Mama mzee alikaa juu ya gunia la mahindi akishika kifua. Alisema kitu kwa lugha yao, mpangaji akabadilika uso. Alinitafsiria baadaye: kwamba hawezi kuingia katika nyumba iliyomliza mlangoni, na basi la jioni linaondoka saa ngapi.

Nilivunja matawi yale ya langoni kwa mikono, nikayaburuta mpaka ng'ambo ya barabara. Niliporudi, mama mwenye ploti alikuwa amekaa kwenye gunia jingine, karibu na mgeni, wanatazamana.

"Mama, ni mimi nilikosa," alisema. "Kwetu majani ni karibu. Nilitaka kusema karibu sana."

"Ulisema sana kweli," mama mzee alijibu kwa Kiswahili. "Nimezika mtoto wangu kutoka langoni mpaka hapa."

"Na amefufuka na kuku."

Macho ya mama mzee yakaenda kwenye kuku. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichotoka kidogo kidogo, akijifuta macho kwa pindo la leso. "Na kuku hajanyonyolewa vizuri," alisema.

Mpangaji hakucheka bado. Alikuwa akitazama viatu vya mama yake.

Mama mzee aliinuka, akaenda mlangoni mwa stoo, akashika fremu bila kuvuka. Chembe za mwanga zilikuwa zimefika kitandani. Akaingiza mkono kwanza, ukapita ndani ya mwanga, akaugeuza kama mama mwenye ploti alivyougeuza wake. Kisha akaingia. Sote tulibaki nje. Tulimsikia akigonga ukuta, akibonyeza godoro. Aliishusha ile globu iliyokuwa juu ya kitanda akaitundika kwenye tawi la msanduku.

"Hiki kitu hakiwezi kuning'inia juu yangu nikiwa nimelala," alisema. "Hii stoo ni ya nani?"

"Yangu," mama mwenye ploti alijibu haraka. "Mkwe wako hajaweka hata msumari."

Tukamsikia akikaa kitandani. Halafu tukasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, na cha pili.

"Leteni maji ninawe miguu," mama mzee alisema. "Na huyo kuku mmalizie, wewe. Umesimama tu."

Mpangaji alikimbia na kuku wake, akilia na kucheka, na mama mwenye ploti alinipiga mgongoni kwa nguvu hata nikakohoa vumbi la jiwe.

Jua lilikuwa linazama na baridi ya Uasin Gishu imeanza kushuka. Hapo ndipo mama mwenye ploti akageuka akaona uani.

"Na mahindi yangu?"

Magunia yalikuwa bado yamepangwa nje, na stoo ilikuwa na mgeni. Tukayabeba moja moja hadi jikoni kwake, chumba cha udongo chenye moto wa kuni, tukayapanga ukutani hadi usawa wa kifua. Mlango wa jikoni haukuwa na kufuli.

"Mtu lazima alale na haya," alisema, akinitazama. "Una mahali pa kwenda?"

"Sina."

"Vizuri. Panya wakija, piga kelele. Mgeni wangu akilala, usipige."

Alinirushia blanketi. Nilipanda juu ya magunia, nikajinyoosha. Yalikuwa yamepashwa joto na moto, na ukutani kulikuwa na tundu ambalo kupitia kwake ningeweza kuona dirisha la stoo na nyota zetu tatu.