Blanketi Mbele ya Antena

Mimi na mdogo wangu tuna duka moja lenye milango miwili. Mlango wangu uko Kibera, upande wa Soweto West ukitokea Nyayo Highrise, na wake uko Kawangware, kule Kabiro, chini ya ghorofa la wapangaji. Tunachapisha kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na, zaidi ya yote, programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu na ratiba. Wateja wengi wako kwangu, lakini printa kubwa ya rangi iko kwake, kwa sababu stima ya kwangu ina tabia ya kuondoka bila kuaga.

Kwa miaka mingi kazi ilivuka mji kwa flashi au kwa simu. Simu inabana picha mpaka bibi harusi anatoka bila pua. Flashi nazo zilituletea virusi, kompyuta ya Kabiro ikalala siku nyingi na wateja wakahamia kwa watu wengine. Mdogo wangu ndiye aliyesema tutafute laini yetu wenyewe ya kuunganisha maduka. Nilimcheka. Nilimwambia mambo hayo ni ya mabenki, ya watu wa ofisi zenye lifti. Hakubishana nami, siku chache baadaye alimleta fundi.

Fundi alikuwa na subira, na kwangu aliihitaji. "Mathe, hii si internet ya kila mtu," aliniambia. "Antena ya hapa inaongea na ile ya Kabiro, basi. Faili ikiwa kwako, sister yako anaifungua kama amekaa hapo kando yako."

Nilimuuliza kama matusi yangu nayo yatafika. Akasema yatafika bila kukatika.

Alifunga antena moja juu ya paa langu na nyingine juu ya ghorofa la Kabiro, kwenye mlingoti wa chuma alioujengea saruji. Kisha akaifungia kompyuta ya Kabiro njia nyingine zote, ili virusi visirudi: haikubali flashi, haikubali simu kuchomekwa, haina internet ya nje. Kitu kinaingia kutoka kwangu au hakiingii kabisa. Niliridhika, na kwa miezi kadhaa nilitembea kama mwenye kampuni.

Halafu jirani yangu akafiwa. Ni mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya duka langu, na mumewe alianguka kutoka juu ya mjengo alikokuwa akifanya kibarua. Uso uliumia vibaya sana. Kamati ya mazishi iliamua sanduku lisifunguliwe nyumbani, kule karibu na ziwa. Mama mzazi wa marehemu alikuwa hajamwona mwanawe kwa miaka, maana nauli na kazi havikuwahi kukubaliana. Aliposikia habari ya sanduku kufungwa alituma neno moja: asipouona uso wa mtoto wake, hakuna mtu atakayezikwa katika boma lake. Kwetu hilo si tisho la kupuuza. Mama akisema hivyo, kaburi linabaki wazi na waombolezaji wanazidi kulala nje.

Ndiyo maana mjane alinijia na picha pekee nzuri aliyokuwa nayo, ya studio, kutoka mwaka waliooana. "Weka uso peke yake mbele, ujae," alisema. "Nataka mama amwone."

Niliishughulikia ile picha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niliondoa mikunjo, nikarudisha rangi mashavuni, nikaacha macho kama yalivyokuwa. Mpango ulikuwa rahisi. Basi lingetoka mochari alasiri, lipitie Kawangware kwenda kushika barabara ya Nakuru, na mdogo wangu angetukabidhi programu pale barabarani. Kamati, kama ilivyo desturi ya kamati zote, ilikuwa bado inaongeza majina ya mashemeji waliosahauliwa hadi saa sita mchana. Walipomaliza nilihifadhi faili, nikampigia mdogo wangu simu.

"Fungua," nikamwambia.

"Dada, sioni kitu. Sikuoni kabisa."

Niliizima kompyuta nikaiwasha. Niliizima ruta nikaiwasha. Bado. Na mjane alikuwa ameketi pale pale kwenye stuli, na picha iko mapajani mwake. Jirani mwingine ana printa ndogo ya rangi, lakini hiyo humtoa kila mtu akiwa wa zambarau. Nilimpigia fundi. Alikuwa Rongai, juu ya mlingoti wa mtu mwingine.

"Hizo antena hazionani, mathe. Kuna kitu kimeingia hapo kati. Tuma mtu aende roof ya Kabiro aangalie."

Mdogo wangu alipanda ngazi huku simu iko hewani, nikamsikia akihema.

"Dada," akasema, "ploti nzima imefua blanketi."

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na siku ile ndiyo jua la kwanza. Wapangaji wa ghorofa lile walikuwa wamepanda na beseni zao wote kwa pamoja. Kamba zao za zamani zilikuwa zimejaa, na chuma imara kuliko vyote pale juu kilikuwa chetu. Basi walifunga kamba kutoka kwenye mlingoti wetu hadi kwenye tangi la maji, wakaanika blanketi zilizolowa chepechepe. Uzito uliupinda mlingoti, antena ikageuka kuelekea Dagoretti, na blanketi moja nene ya watu wawili ikaning'inia mbele yake.

Niliwaka. Mimi huwaka haraka, na siku hiyo nilikuwa na sababu. Nilimwambia mdogo wangu anipe mwenye blanketi, na sauti ya mwanamke ikaja haina hofu hata kidogo.

"Kwani hiyo chuma ni ya kazi gani? Hakuna mtu alituambia. Sisi tulidhani landlord ametuwekea ya kuanika."

Nilikuwa na neno tayari mdomoni, neno baya. Lakini mjane alininyooshea mkono, nami nikampa simu.

"Mama, pole kwa kukusumbua," alisema polepole. "Ni uso wa mzee wangu unangoja kupita hapo. Sanduku lake halitafunguliwa."

Halafu nikasikia, hata bila kuweka simu sikioni, sauti ya yule mwanamke ikiwaita wengine. "Toeni blanketi. Zote, hata zilizokauka. Kujeni mnishikie hii chuma."

Fundi, kwa simu ya mjane, alinielekeza kwenye kompyuta mahali pa kutazama nguvu ya mawimbi. Mimi nikiwa Kibera nasoma namba, wanawake wa Kabiro wakiwa juu ya paa wameukumbatia mlingoti na kuupinda taratibu.

"Kushoto. Mmepita, rudini. Kidogo tena. Hapo, msipumue."

Namba ilipanda. Nikasikia viatu vya mdogo wangu vikiteremka ngazi, mlango, kiti kikiburutwa.

"Nimemwona," akasema. "Dada, nimemwona vizuri sana."

Nilikaa sakafuni, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mjane akacheka kwa kuniona mtu mzima nimekaa sakafuni. Sijawahi kuhisi mzigo ukinitoka mwilini hivyo.

Nilipanda basi la mazishi pamoja naye hadi Kawangware. Mdogo wangu alikuwa kando ya barabara na katoni, na aliyemsaidia kuibeba alikuwa yule mwanamke wa blanketi, mikono yake ingali na povu lililokaukia. Alimwambia mjane pole, akamshika mkono kupitia dirishani. Mimi nilishuka, basi likaenda.

Jumapili mjane alinipigia simu kutoka nyumbani. Aliniambia kwamba mama mkwe wake alitoka na programu juani, akaketi peke yake kwenye kigoda. Aliupitishia uso ule kidole gumba mara nyingi. Aliugombeza kwa kutokuja nyumbani miaka yote ile, akauita kwa jina la utotoni ambalo hata mkewe hakuwa akilijua. Watu wote walisimama wakimngoja.

Kisha akawageukia wanaume waliokuwa na majembe. "Ni wangu," akasema. "Mzikeni."