Kiwanja Kilichogeuka

Ofisi ya michoro ilikuwa na wachoraji wawili, kompyuta mbili na ubao mmoja wa kuchorea, na bosi alikuwa ameshaamua kwamba kilichozidi ni ubao. Mwenye ubao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana na mhasibu tu. Wengine wote walimwita Mama Rula. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amechora mipaka ya nusu ya mji kwa penseli, na majirani waliogombania ua walitafuta sababu nyingine, maana mstari wake haukuwapa.

"Mwisho wa mwezi kuna jaribio," bosi alitangaza. "Kila mtu kiwanja kimoja, kwa kompyuta. Atakayeshindwa ataenda masjala."

Masjala ilikuwa chumba cha mafaili chini ya ngazi, hakina dirisha. Mtu wa mwisho kupelekwa huko alionekana tena siku ya kuagwa kwake, na wafanyakazi kadhaa walimpa mkono wakidhani ni mgeni.

Mchoraji wa pili, aliyeitwa Chapuchapu kwa sababu zilizo wazi, hakukosa usingizi. Alichapa kwa vidole kumi, mara nyingi akitazama simu yake. Mama Rula alichapa kwa kidole kimoja, nacho kwa shingo upande. Wiki ya kwanza kila mstari ulimtoroka. Akiagiza mita thelathini, mstari ulikatiza skrini nzima na kukimbilia kona ya chini, kama mbuzi aliyekata kamba.

Jumapili mchana alimlalamikia mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa na pini nne mdomoni.

"Baba, ile mashine ina wazimu. Nimeshafika katikati ya mchoro, naiambia iende mita thelathini. Yenyewe inakwenda kupimia kule mwanzo kabisa, sifuri kwa sifuri."

Fundi alitoa pini moja moja, maana hakupenda kuzungumzia ufundi akiwa na kitu mdomoni. "Mimi nikipima suruali nikafika gotini, sirudi kuanzia mlangoni."

"Ndiyo, lakini yenyewe inarudi."

"Kwa sababu hujaiambia uko gotini, mke wangu."

Jumatatu alifungua kitabu cha maelekezo, ambacho hapo ofisini kilikuwa kikitumika kuinulia feni, na akalikuta goti lenyewe. Lilikuwa @, ile a yenye mkia ya kwenye barua pepe. Ukiitanguliza, mashine inapima kutoka pale ulipoishia. Tangu siku hiyo hakuiita kwa jina lingine.

Siku ya jaribio bosi aligawa karatasi za mpima ardhi: kiwanja cha zahanati mpya, pande tano, kila upande na urefu wake na pembe yake ya dira. Pembezoni walisimama wapagazi wawili, walioitwa mapema ili waubebe ubao mara matokeo yakitoka. Bosi alikuwa mtu wa mipango.

Chapuchapu alimaliza kwa dakika nne. "Kimefunga!" Kweli, mstari wa tano ulirudi ukagusa mwanzo wa mstari wa kwanza, bila hata upana wa unywele kati yao.

Mama Rula wakati huo alikuwa bado anachora kwa penseli na kipimapembe, kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga.

"Mama, penseli ya nini tena?"

"Napiga hodi, bosi. Siwezi kuingia kiwanja cha watu hivi hivi."

Kisha akageukia kompyuta, akijisemea kwa sauti. Goti, urefu, pembe. Goti, urefu, pembe. Dakika ya kumi na tisa chake nacho kikafunga, pacha kabisa wa kile cha mwenzake.

"Sawasawa vyote," bosi alisema, akiwatazama wapagazi. "Basi itaamua kasi."

"Shangazi, beba sweta," Chapuchapu akanong'ona. "Masjala kuna baridi."

Lakini Mama Rula alikuwa anatazama karatasi yake, halafu skrini, halafu karatasi. Kwenye karatasi, pembe moja ya kiwanja iliyokatwa mshazari ilikuwa juu kushoto. Kwenye skrini ilikuwa chini kulia.

"Bosi, kiwanja kimegeuka."

"Si kimefunga, Mama?"

"Hata shati lililovaliwa ndani nje linafunga vifungo."

Akaibandika karatasi kwenye skrini. Haikulingana. Akaigeuza nyuma mbele, akaizungusha robo mzunguko, na mistari yote mitano ikalaliana. Mpagazi mmoja alisema "Duh."

Bosi akampigia mpima ardhi, simu ikiwa wazi wote wasikie. "Ile pembe iliyokatwa iko upande gani?"

"Kaskazini magharibi, barabarani. Ndipo geti litakapokaa. Kwani nyie mmeiweka wapi?"

"Kusini mashariki."

"Huko kuna bwawa la majitaka. Wagonjwa watakuja kwa mtumbwi?"

Mama Rula hakucheka, alikuwa na kazi. Mpima ardhi huhesabu pembe kuanzia kaskazini, akizunguka kama mshale wa saa. Kompyuta, usipoiambia vinginevyo, huanzia mashariki na kuzunguka kinyume. Uitilie namba za dira zilivyo, urefu wote utakuwa kweli, kiwanja kitafunga, na utakuwa umechora taswira yake ya kwenye kioo. Akachukua penseli, akaitoa kila pembe kwenye tisini. Tisini kutoa tisini, sifuri. Tisini kutoa sifuri, tisini. Akafuta mchoro, akaanza upya kwa kidole kimoja, watu wanne wakiwa wamesimama nyuma yake bila kupumua sana.

Mstari wa tano ulipogusa wa kwanza, pembe iliyokatwa ilikuwa juu kushoto, barabarani, mahali pa geti. Alibandika karatasi. Safari hii hakuhitaji kuigeuza.

"Shangazi," alisema Chapuchapu, kwa heshima ambayo haikuwa imeonekana hapo kabla, "hilo goti linafundishwa wapi?"

"Kwa fundi cherehani. Anafungua saa mbili."

Wapagazi walikohoa. "Bosi, ubao tuupeleke wapi?"

Bosi alikuwa anakumbuka kitu na uso unamshuka. Tangu mwaka uanze Chapuchapu alikuwa amechora viwanja kumi na vinne kwa namba za dira. Vyote vilifunga vizuri sana.

"Uwekeni pale katikati," alisema, "kwenye mwanga. Na hakuna mchoro utakaotoka humu bila kupita hapo."

Mama Rula aliufuta ubao vumbi kwa kiganja, akachonga penseli mbili, akampa Chapuchapu moja.

"Lete cha kwanza, mwanangu. Na upige hodi."