Simu Kifuani kwa Mtani

Simu ya mdogo wangu ilichukuliwa msibani, Cheyo, mjini Tabora, muda mfupi kabla ya mahojiano yake. Aliyeichukua alikuwa mtani wetu sisi Wanyamwezi, mama wa Kigogo anayeuza mboga Ng'ambo, jirani na meza ya cherehani yangu. Aliinyanyua kutoka mkekani mbele ya macho ya wote, akaitia kifuani na kukaza khanga juu yake.

"Marehemu hajatoka ndani, huyu ananong'ona Kichina!" alisema, turubai zima likasikia. "Babu zenu walibeba pembe za Waarabu mpaka pwani. Mizigo imekwisha, sasa mnatafuta Wachina wawatwishe?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikakaa kwenye cherehani ya baba, wadogo zangu wakaendelea kusoma. Bibi tuliyekuwa tunamzika siku ile alikuwa jirani yetu. Aliwahi kuwapikia Wachina waliojenga barabara ya kwenda Kaliua, na kila jioni alirudi kutoka kambini na maneno yao mapya. Mdogo wangu alimfuata jikoni, akajifunza kuhesabu Kichina kwa viazi. Maneno yale ndiyo yaliyomfikisha chuo kikuu, Dar es Salaam, kwenye shahada ya uzamili ya masomo ya Kichina.

Sasa aliomba ruzuku ndogo ya utafiti, ile wanayopewa wanafunzi wa fani yake. Alitaka kuwafuata wanawake waliopika kwenye kambi zile, kuanzia Tabora hadi Usinge, kabla hawajaondoka duniani wote. Bibi alikuwa awe wa kwanza kurekodiwa. Alikuwa ndani, ameshavishwa sanda.

"Kaka, nikikosa hii naacha chuo," aliniambia alipofika. Nilijua hatanii, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuacha.

Jopo lilikuwa limejaribu kumhoji mara moja, mtandao ukakatika. Walimwambia watapiga tena siku ile, saa nane, na hapatakuwa na nafasi nyingine. Mpango wake ulikuwa ajitenge nyuma ya ukuta wa jirani, ajibu, kisha arudi kwenye mkeka. Kosa lake lilikuwa kutoa simu na kurudiarudia salamu zake za Kichina mbele ya mtani. Alikuwa amekaa Dar muda mrefu, akasahau utani wa msibani ulivyo.

"Mama, tafadhali, ni mambo ya shule," alisema, mkono ameunyoosha.

"Mama yako nani? Mimi mtani wako!"

Alipiga hatua mbele. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Kaka, niachie."

"Usimnyang'anye."

"Watapiga sasa hivi!"

"Najua."

Msibani mtani huchukua anachotaka, na huwezi kukikomboa kwa hasira. Ukimpokonya umemfukuza, na yeye ndiye anayebaki kuosha masufuria ndugu wakishachoka. Kwenye msiba wa mama, huyu huyu alinifichia viatu. Nilizunguka uwanjani pekupeku nikivitafuta mpaka nikacheka, na baada ya kucheka nikaweza kula. Nisingemruhusu mdogo wangu amkosee, tena kwenye msiba wa bibi yule. Lakini nilikuwa nimeshika mkono uleule niliousomesha.

"Unataka nini?" nikamuuliza mtani.

"Mpagazi abebe mzigo. Azunguke nyumba mpaka niseme basi."

Wakanitwisha gunia la unga wa msiba. Nilipita mbele ya wanaume ninaowashonea suruali, shingo imekaza, mdomo nimeufunga. Nilizunguka, nikazunguka tena. Mtani akaniangalia, akatingisha kichwa. Ndipo simu ikaanza kuita ndani ya khanga yake.

"Linalia hili! Mpagazi, tembea!"

Mdogo wangu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Simu iliita, iliita, ikanyamaza.

Nilisimama na gunia langu. Kichwani nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba tutapata njia nyingine, na nilijua hakuna. Nilimtazama mtani usoni nikaona hacheki tena, ananingoja. Hapo nikaelewa. Mdogo wangu alikuwa amembembeleza, mimi nilikuwa nimemtii, na hakuna aliyemtania.

"Wewe Mgogo," nikasema, "kama ni njaa, sema! Kuomba ndiyo kazi yenu. Chukua unga huu ukale na mlenda wako, simu haiivi hata ukiichemsha kutwa!"

Turubai lilipasuka kwa kicheko. Hata wenye msiba walicheka.

"Basi! Kumbe ulimi unao!" Akachomoa simu, akamwekea mdogo wangu kiganjani, kisha akamwinamia. "Kimbia, mwanangu. Kimbia."

Alikimbia nyuma ya ukuta. Nilitua gunia, nikatega sikio. Aliwapigia mwenyewe, kisha nikasikia Kichina, polepole, halafu kwa kasi.

Alirudi tukiwa tunaliinua jeneza.

"Wameuliza kwa nini sikupokea," aliniambia njiani, tukirudi kutoka makaburini. "Nikawaambia simu ilikuwa kwa mtani. Wakataka kujua mtani ni nani. Nimeeleza mpaka muda ukaisha, kaka. Niliyoyaandaa hawakuuliza hata moja."

"Ndiyo vizuri au vibaya?"

"Sijui."

Hatukujua mpaka karibu na arobaini ya bibi. Jibu lilipofika alikuja nalo mbio mpaka kwenye cherehani, akanionyesha kioo cha simu. Amepata ruzuku.

Mtani alisimama kwenye mboga zake, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unakwenda Usinge kwa miguu," akamuuliza, "au siku hizi wapagazi mnapanda basi?"

"Napanda basi," mdogo wangu akamjibu, akifuta machozi. "Wewe baki hapa uombe nauli."