Mkono wa Kulia wa Asila

Bi Mwanakheir wa Michenzani alikuwa na sheria moja tu katika kazi yake ya kupaka maharusi hina: ngozi ikionekana, kazi haijakwisha. Bi harusi wake hutoka amejaa maua tangu kucha mpaka viwiko, na pakibaki mwanya wa kupita sisimizi, Mwanakheir humtilia sisimizi jani. Mteja akilalamika kwamba amechoka kukaa, huambiwa kuwa ndoa yenyewe ni kukaa na kuvumilia, bora aanze mapema.

Basi ilipomfikia habari kwamba Asila, mjukuu wa Bi Shariffa wa Malindi, anaolewa, hakungoja kuitwa. Mama yake Asila alimpaka yeye, mama wadogo wote aliwapaka yeye, na Asila mwenyewe utotoni alikuwa akimlalia mapajani kumtazama akichora. Alibeba mkoba wake akaenda. Asila akamwamkia, akamkaribisha kahawa, kisha akamwambia kwa adabu zote kwamba yeye anamtaka Nassra.

Nassra ni msichana wa Mlandege ambaye huchora ua moja kwenye kifundo cha mkono, akalitia kijitawi, akasema nshamaliza.

"Ua moja," alisema Mwanakheir. "Huyo anaolewa au anapigwa muhuri?"

Bi Shariffa hapendi mtu atoke nyumbani kwake amenuna. Akakata shauri: mkono wa kulia apake Mwanakheir, wa kushoto Nassra, na atakayempendeza bi harusi ndiye atakayepewa miguu. Mwanakheir alirudi kwake roho juu. Wanawake wa mji mzima wataiona mikono hiyo ubavu kwa ubavu, na akishindwa hapo, hapana atakayemwita tena. Lakini kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba aliyemkataa ni Asila.

Ndipo alipokwenda kwa Bashira, mwalimu wa sanaa aliyekuwa akiwafundisha kina mama usanifu wa michoro kila alasiri, katika chumba cha chini cha jumba la ghorofa alimokaa Mwanakheir. Kwa haya, Mwanakheir alisema amekuja kumsindikiza mtu. Mtu huyo hakuonekana hata siku moja.

Bashira aliwagawia karatasi nyeupe na vipande vya karatasi nyeusi, duara na pembe nne, akawaambia wavipange jicho lipate njia ya kupita. Mwanakheir alivipanga vyote, akaomba na vya jirani. Karatasi yake ikawa nyeusi tititi.

"Bi Mwanakheir, jicho litapumzika wapi hapa?"

"Jicho linalotaka kupumzika, mwanangu, likalale."

Darasa zima lilicheka, na Bashira naye akacheka. Lakini alivitoa vipande vile kimoja kimoja mpaka vikabaki vitatu, na Mwanakheir, ingawa hakupenda, aliona kwamba kile cha katikati kimeanza kumtazama. Siku nyingine akapewa duara moja kubwa na jingine dogo, akaambiwa ayapange karatasi isielemee upande. Alihangaika weee, hata akaukumbuka mzega, ule mti wa begani ambao babu yake kule Tumbatu alikuwa akichukulia maji: ndoo nzito huivuta karibu na bega, nyepesi huisukuma mbali kwenye ncha ya mti. Akalisogeza lile duara dogo mpaka pembeni kabisa. Karatasi ikatulia.

Nyumbani alijizoeza kwa mumewe, Msabah, mtu mwenye usingizi mzito wa mchana. Kwa heshima ya mume hakumgusa viganja, alimchora kwenye muundi. Msabah hakujua kitu mpaka alipokwenda msikitini, akapandisha suruali atie udhu, na safu nzima ya wanaume ikaona kitawi cha yasmini kinampanda mguu. Alirudi hamsemeshi mtu.

"Lakini walionaje?" aliuliza Mwanakheir.

Msabah aliushusha mguu wa suruali, kisha akasema, "Hafiz, aliyekuwa akitia udhu ubavuni kwangu, kasema kimekaa vizuri."

Siku ya hina ilipofika, Asila alikalishwa kwenye godoro, mikono ameinyoosha huku na huku, mpambaji mmoja kila upande. Kila mmoja alijitandia khanga mbele yake ili mwenziwe asimwibie ufundi, wala bi harusi asione kabla ya wakati. Mwanakheir alichora kitawi kimoja tu, kinachotoka kwenye kifundo kikapinda mpaka shina la kidole kidogo, kisha akaacha. Aliukalia mkono wake mwenyewe usije ukamponyoka ukaongeza jani.

Khanga zikafunuliwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umejaa mpaka kiwiko, hata pa kutia sindano hapana. Kumbe Nassra, aliposikia atalinganishwa na Bi Mwanakheir, alipatwa na hofu ya kuonekana mvivu, akawa hafanyi kazi nyingine ila kujifunza kujaza.

"Mwanakheir, hina imekwisha?" aliuliza mama mdogo mmoja.

Asila aliitazama mikono yake kama mtu aliyeazimwa mmoja. Machozi yakamtoka, na kujifuta hawezi kwa kuwa hina ni mbichi, hata Bi Shariffa akamfuta kwa upindo wa khanga yake. Wanawake wakaanza kwa pamoja: jaza, Mwanakheir, jaza kama unavyojua.

Hapana neno alilokuwa akilitamani kulisikia kama hilo. Alishika koni ya hina. Akautazama ule mkono mzito, akautazama mwepesi, na alijua kabisa kwamba akijaza atashinda, na kwamba atakuwa ameuharibu. Kisha akaukumbuka mzega wa babu yake, akaiweka koni chini, akachukua bakuli la hina nzito, akavichovya vidole vya mkono wa kulia wa Asila, ncha tu, kimoja baada ya kimoja. Akaiweka mikono yote miwili pamoja mapajani pake.

Mikono haikufanana. Lakini ilikuwa ya mtu mmoja.

Bi Shariffa aliinama akatazama kwa muda. "Mie nlipakwa hivyo," alisema. "Ncha za vidole tu. Sijaona tena tangu siku ile." Safari hii aliyefutwa machozi ni yeye.

"Bi Mwanakheir," alisema Asila, "miguu nipake wewe."

"Yote miwili?"

"Yote. Lakini uniachie nafasi."

"N'taacha."

Mwanakheir alimwangalia Nassra, aliyekuwa akijikanda kiganja kwa uchovu na kuanza kukusanya vitu vyake. Alimtupia koni mpya.

"Kaa hapo, shika mguu wa kushoto," alimwambia. Kisha akazichukua khanga zilizowatenga, akazikunja, akazikalia.