Kamba ya Afande Okot

Haya niliyaona mchana, macho yangu yako wazi na tumbo langu lina chai na mandazi. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa Mbale wameshanipangia maelezo. Mmoja anasema nilikuwa na njaa, mwingine anasema wajane ndivyo walivyo, huona mengi. Kama na wewe unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, upande wa Kenya, lakini niliolewa Mbale na naishi pale chini ya mlima Wanale, nauza maziwa. Maziwa yenyewe si ya ng'ombe wangu. Nayachukua kwa watu asubuhi na kuyatembeza nyumba kwa nyumba, na mwenye ng'ombe akiamka vibaya, siku hiyo watoto wangu hawana kitu. Mume wangu, Baba Nekesa, alisema mwaka huu tutaacha kubembeleza watu. Tutakwenda kwenye maonyesho ya kilimo kule Jinja, tununue ng'ombe wetu wa gredi, wale wa maziwa mengi.

Akasokota na kamba kabisa. Kwetu muuzaji haachi kamba yake. Anakupa ng'ombe, kamba anarudi nayo nyumbani, ili baraka ya zizi lake isiondoke na mnyama. Mnunuzi anakuja na yake. Kwa hiyo jioni Baba Nekesa alikuwa anakaa mlangoni na katani yake, anasokota, na mwishoni akaweka fundo fulani ambalo alikataa kunifundisha. Eti nitamharibia. Kisha akaumwa tumbo, akafa, na kamba ikabaki kwenye msumari.

Sikulia. Usinitazame hivyo, sikulia kweli. Mashemeji walilia, jirani alilia mpaka akapoteza kiatu, mimi nikawa nauliza kama sukari imetosha. Nilikuwa kama mdomo uliotoka kung'olewa jino, unaugusa na hausikii kitu. Maonyesho yalipofika nikaiweka kamba kwenye mfuko, nikazifunga pesa zetu kiunoni, nikaenda Jinja peke yangu. Nililala Mafubira kwa binamu yangu, na asubuhi tukaamkia mvua.

Mvua gani ile! Uwanja wote ulikuwa tope. Wenye miche ya migomba walikuwa wameifunika kwa turubai, wenye vifaranga wameyakumbatia maboksi yao, na spika moja ilikuwa inaendelea kusifu mbolea ingawa hapakuwa na mtu mbele yake. Watu walijibana chini ya mahema. Mimi nilipita katikati, naloa tu. Kuloa kulikuwa hakunisumbui.

Mabanda ya ng'ombe yalikuwa mwisho kabisa. Hapo ndipo nilipomwona, ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, kiwele kizuri, mpole, ananusa mkono wangu kama tunajuana. Aliyemshika ni mwanamume mnene mwenye gambuti, jina lake Odong. Akanitajia bei. Nilifikiri sijasikia vizuri, nikamwuliza tena, akataja ile ile. Ng'ombe kama yule, kwa bei ya mbuzi wachache! Nilimwuliza ana ugonjwa gani. Akasema hana, yeye ana haraka tu.

Sasa wewe niambie, ungefanya nini? Watoto wako nyumbani, pesa iko kiunoni, na ng'ombe mwenyewe huyu hapa. Nikamwambia angoje, nizunguke nyuma ya banda nizifungue pesa mahali pasipo na macho. Mwanamke hafungui kiuno mbele ya watu.

Nyuma ya banda kulikuwa na tangi la maji, na pembeni ya tangi amesimama mzee wa makamo, amevaa sare ya kaki ya askari wa magereza. Hakuwa na mwavuli wala koti. Mvua ilikuwa inamwaga, na nguo zake zilikuwa kavu, zimepigwa pasi mpaka mstari wa suruali unaonekana. Niamini, nililiona jambo hilo pale pale, halikunikumba baadaye. Niliona, na sikushtuka. Tangu Baba Nekesa aondoke nilikuwa sishtuki.

"Wewe mama," akaniambia, kwa kile Kiswahili cha askari wa huku, "usifungua pesa. Hiyo ng'ombe haiuzwi."

"Afande, mwenyewe yuko pale anauza."

"Mwenyewe ni mimi." Akanitolea kamba. "Shika hii, peleka kwa bibi yangu. Iko pale mbele, na gomesi ya bluu."

Nikaipokea kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa kupokea kitu cha mtu mzima. Kamba ilikuwa ya zamani, imefungwa kitambaa chekundu, na imejaa udongo mbichi. Baridi yake haikuwa ya mvua. Ilipanda mpaka kwenye kiwiko, ikakaa.

Akautazama mfuko wangu, ambao nilikuwa nimeufunga zipu tangu Mafubira. Akasema, "Na wewe iko na kamba mzuri humo. Yule mwenye alisokota, anasokota bado."

Mimi nikajibu nini? Nikasema, "Asante, afande." Hivyo tu. Kisha nikamwuliza kama ng'ombe wake anakamuliwa mara mbili au mara tatu. Akatabasamu, akaondoka kuelekea kwenye matrekta, na tope halikuchukua alama ya viatu vyake.

Mbele ya banda nilimkuta mama wa gomesi ya bluu, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, amesimama pembeni, nje ya paa, kama mtu aliyekuja msibani asikojulikana. Sikuwa nimemwangalia mara ya kwanza. Nikamwamkia, nikampa kamba, nikamwambia mume wake ameniagiza.

Yule mama aliitazama kamba, akakaa chini. Kwenye tope, na gomesi yake nzuri. "Dada," akasema, "hii nilimwekea mwenyewe mkononi. Ndani ya sanduku. Nikafunika kwa mkono wangu."

Aliitwa Mama Aber. Walikuwa wanakaa Wanyange, na mume wake, Afande Okot, alikuwa amezikwa kabla ya mvua hizi kuanza. Kwao pia kamba ina neno lake: mwenye ng'ombe akifa, anayebaki na kamba ndiye anayebaki na ng'ombe. Yule Odong, ndugu wa marehemu, alianza kuidai kamba maiti ikiwa bado ndani ya nyumba. Mama Aber kwa uchungu akaona bora imfuate mwenyewe kaburini kuliko kuingia mikononi mwa shemeji. Masikini, hakufikiri mbele. Kamba ilipokwisha kuzikwa hakuwa na kitu cha kuonyesha. Odong akanunua kamba ya nailoni mjini, akamfunga ng'ombe, akawaambia wazee mwenye kamba ni yeye. Na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa analisha nyumba ile.

Odong alikuwa amesogea kusikia tunaongea nini. Akaona kamba mapajani mwa mama. Akaona kitambaa chekundu, akaona udongo. Ala! Sijawahi kumwona mtu mnene akipungua namna ile. Yeye ni mmoja wa waliobeba lile sanduku. Aliiachia nailoni, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, kisha akageuka akaikimbilia bodaboda getini bila kuuliza nauli. Ng'ombe akaja taratibu mpaka kwa mama, akaanza kumlamba kichwa.

"Alikuwaje?" Mama Aber akaniuliza. "Amekonda?"

"Hapana. Yuko vizuri. Nguo zimepigwa pasi."

Akacheka, akalia, vyote pamoja, huku amenishika mguu. "Aliniitaje?"

"Alisema, bibi yangu."

Basi alilia yule mama! Watu wakatoka kwenye mahema kutazama. Mimi nilisimama pale na pesa yangu kiunoni, bila ng'ombe, na nilimwonea wivu. Nasema wazi, nilimwonea wivu kwa kuweza kulia hivyo.

Nikapanda gari la kurudi Mbale jioni ile ile. Tulipofika Iganga mvua ilikuwa imekatika, abiria mmoja akafungua dirisha, na hapo ndipo maneno yalinifikia. Anasokota bado. Nani aliyemwambia afande kuna kamba ndani ya mfuko uliofungwa? Nani mwingine aliyeisokota ile kamba, kama si Baba Nekesa? Yule mtu alikuwa ametoka alikokuwa mume wangu. Alikuwa amemwona amekaa na katani yake. Aliniletea habari zake mpaka mlangoni, na mimi nikamwuliza mambo ya kukamua.

Nililia kutoka Iganga mpaka Mbale. Dereva alisimamisha gari akidhani nimeibiwa.

Mkono huu wa kulia haujarudi. Ushike, usiogope. Daktari ameuchoma sindano, hakuna ninachosikia. Vikombe vya moto navishika navyo, jikoni wananitania kwamba sihitaji kitambaa. Lakini kukamua siwezi tena, maana chuchu ya ng'ombe siisikii vidoleni, kwa hiyo bado nanunua maziwa ya watu. Kamba ya Baba Nekesa iko kwenye msumari. Nekesa amejaribu kulifungua lile fundo, ameshindwa, na mimi nimemkataza asijaribu tena.

Kila yakiwa maonyesho naenda Jinja, na huwa nachagua siku ya mvua. Nasimama kwenye lile tangi mpaka walinzi wanifukuze. Hajatokea mtu mkavu.

Basi wewe, nakuonya. Ukikutana na mtu ambaye mvua haimgusi, usikimbie, na usijifanye jasiri ukamwuliza habari za ng'ombe. Mshike kwa maneno. Mwulize watu wako wanaendeleaje huko, mmoja mmoja kwa majina, kabla hajageuka. Mimi nilisema asante.